Mwaka wa Mizani Nne

Mwezi uliopita Selestina alishuka kutoka Matombo kuja kutibiwa mtoto wa jicho, akafikia kwangu hapa Morogoro, na siku ya pili tu nilikuwa nimeshapandisha hasira kama msichana wa miaka ishirini na sita. Chanzo ni mjukuu wangu Nuru. Nuru anauza viungo kwa simu: anapiga picha iliki na pilipili manga, anaziweka mtandaoni, watu asiowajua wanaagiza, naye anawatumia vifurushi kwa basi. Siku hiyo alikaa katikati yetu kwenye kochi akatuonyesha picha za mizani tatu. "Bibi, nichukue ipi?" Nikavaa miwani. Nikaanza kumweleza asitazame rangi, atazame uzito wa mwisho inaoweza kubeba, atazame inasoma gramu moja moja au tano tano, atazame kama kifurushi kitakaa juu ya sahani bila kuziba namba, aulize kama betri zake zinapatikana dukani au ni zile za kuzitafuta mji mzima. Sijafika hata nusu, Selestina, jicho moja limefungwa bandeji, akasema, "Chukua yoyote, mwanangu. Zote zinapima." Niliinuka nikaenda jikoni, nikafungua friji, nikaifunga bila kutoa kitu. Nywele zetu zimeshakuwa nyeupe, na bado yule mwanamke anaweza kunifanya nitamani kurusha sufuria.

Nilikutana naye kiwandani, kiwanda cha nguo, mimi karani wa stoo, yeye kwenye kufunga majora. Kisha ikaja enzi ya ruksa, bidhaa za nje zikaachiwa kuingia. Maduka yakajaa sabuni za kila rangi na mitumba ikamwagwa chini mpaka barabarani, na sisi tuliokuwa tukishona na kupima nguo za nchi hii tukaitwa mmoja mmoja ofisini tukaambiwa tumepunguzwa. Wengi walirudi makwao. Kaka yangu wa Tabora aliniandikia kwamba chumba changu kipo, wifi yangu ana watoto wanne na anahitaji mtu wa kumsaidia. Nilimjibu nimepata biashara. Akajibu kwa kifupi sana: nakupa mwaka mmoja, ukishindwa nakuja kukuchukua mwenyewe. Nilikuwa namfahamu kaka yangu. Angekuja kweli, angebeba godoro langu kichwani mpaka stesheni, nami ningemaliza ujana wangu nikimenya viazi jikoni kwa mwanamke mwingine. Sikuwa na ndoto kubwa mwaka ule. Nilitaka kubaki Morogoro, kwenye chumba ambacho ufunguo wake nashika mimi.

Chumba chenyewe kilikuwa Mwembesongo, kimoja, tumekigawa kwa pazia la maua. Upande wa nyuma kitanda chetu, upande wa mbele meza, magunia, na harufu ambayo haikutoka hata tukipiga deki kwa sabuni: mdalasini, karafuu, iliki, pilipili manga, yote kutoka kwa kaka zake Selestina huko Matombo. Asubuhi tulikunywa chai ya mdalasini kwa magimbi ya kuchemsha. Jioni ugali na mlenda, na siku barua zikiwa nyingi, dagaa. Maana biashara yetu ilikuwa ya barua. Nilikuwa nimeweka tangazo dogo gazetini: viungo safi vya Uluguru, kilo moja, hadi mlangoni kwako. Wakatuandikia walimu wa shule za bweni, makarani wa Dodoma, na muuguzi mmoja wa Songea aliyeagiza kila mwezi. Walituma hela kwa hundi ya posta, nasi tukatuma kifurushi. Nilipima mimi. Selestina alifunga: alitia viungo kwenye mfuko, akauzungushia kitambaa cha marekani, akashona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, mishono midogo midogo kama ya nguo ya kanisani. Ndani niliweka kikaratasi kama cha kiwandani, maana desturi ya stoo ilikuwa imeniingia kwenye damu: Amepima Zaina. Amefunga Selestina.

Posta walikuwa na utaratibu wao, na ulikuwa wazi, umebandikwa ukutani. Kifurushi kisichozidi kilo kina bei yake. Kikizidi hata kidogo, kinalipiwa kama cha kilo mbili. Kwa hiyo niliweka viungo, mfuko, kitambaa, uzi na kikaratasi vyote kwenye mizani, nikahakikisha jumla ni pungufu kidogo ya kilo, na kwenye tangazo la pili nikasahihisha kwamba kilo ni pamoja na kifungashio, maana sikutaka kumdanganya mtu. Kisha nikaenda navyo posta, vifurushi sita, nimevaa gauni langu la kazini. Mzee wa dirisha la vifurushi, mtu mpole mwenye sweta, akaweka cha kwanza kwenye mizani yake. Akakitoa. Akakiweka tena. Akapima na cha pili.

"Dada, imezidi."

"Imezidi vipi, mzee wangu? Nimepima mwenyewe."

"Gramu sitini. Cha pili nacho sabini. Unaongeza malipo, au unafungua upunguze?"

Nilifungua. Nilikaa kwenye benchi la posta, foleni nzima inanitazama, nikaikata ile mishono ya kanisani kwa meno, nikachota iliki nikatia kwenye mkoba. Nilitoka pale nanukia kama pilau la watu, na bado nilikuwa na vitano vya kufungua nyumbani.

Nilirudi nyumbani nikaitazama ile mizani yetu, ya plastiki, ya jikoni, mali ya Dubai, na kibakuli chake cha rangi ya waridi, nikaichukia. Niliinunua kwa sababu ilikuwa nzuri. Nakiri. Ilikuwa kitu cha kwanza kipya nilichonunua tangu maduka yajae. Nilimwambia Selestina, "Dada Sele, hii mizani ni ya uongo." Akaibonyeza kwa kidole, akatazama mshale ukirudi. "Mizani haina kosa, mdogo wangu," akasema, akaendelea kupepeta iliki. Niliona ni ule upole wake wa misheni, kutotaka kusema vibaya hata juu ya plastiki. Niliiuza kwa jirani yetu Mama Rehema, aliyekuwa akichoma vitumbua uani. Hadi leo anasema ilikuwa mizani nzuri sana.

Ya pili ilikuwa ya ndoano, ya kuning'iniza, niliyoinunua kwa mkulima wa Mlali aliyekuwa akipimia nyanya. Niliifunga kwenye kenchi ya chumba. Hii ilikuwa na faida moja: kifurushi kilichokwisha kushonwa kiliweza kuning'inizwa. Nikapima kabla, ikasema chini ya kilo. Selestina akashona. Nikapima baada, ikasema juu ya kilo. Sasa wewe uliyesoma hadi hapa tayari umejua tatizo liko wapi, na mimi niliyekuwa karani wa stoo miaka sita, niliyekuwa nikikamata wezi wa vitambaa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo, nilisimama chini ya ile ndoano nikasema kwa sauti, "Mizani gani hii, saa nane inasema hivi, saa tisa inasema vile?" Selestina alikuwa amekaa pale pale, shazia mkononi. "Inapima vizuri tu," akasema. Nilitaka kulia. Nilimpigia kelele kwamba kama yeye haelewi mambo ya vipimo basi anyamaze, na akanyamaza, akanimiminia chai.

Ya tatu niliichagua kwa hasira, na kwa hiyo niliichagua vizuri. Mizani ya mawe, ya shaba, sahani mbili, mawe yake kwenye kisanduku cha mbao, yamepigwa mhuri wa vipimo. Mwenye duka, mzee aliyekuwa akifunga biashara akahamie kwa mwanawe, aliinua mkono wa mizani kwa vidole viwili ukasimama sawa bila kutikisika. "Hii, binti, haina mshale wa kukuonyesha inavyotaka," akaniambia. "Ni jiwe kwa mali, basi." Nilimlipa sehemu kubwa ya kiinua mgongo changu kilichobaki. Wiki hiyo nilipima kabla: sawa. Nikapima baada: imezidi. Jiwe kwa mali. Nilikaa chini sakafuni.

Ndipo Mama Rehema akanipa elimu. Nilimsikia kupitia dirishani akimweleza mteja wake wa vitumbua matatizo yangu kama ni yake: "Unajua mdalasini unakunywa unyevu. Mvua ya mlimani ikishuka, ukiuacha saa moja tu umeshanenepa. Zaina hajui, si mtu wa huku." Nilitoka nje nikamuuliza ana uhakika. Akasema marehemu bibi yake alikuwa hivyo hivyo. Sikuuliza bibi alikuwa hivyo hivyo kwa vipi. Kwa wiki tatu nilianika mdalasini juu ya mabati, nikaufukuzia mbuzi, nikaushusha kila wingu lilipotokea Uluguru, na huko wingu hutokea kila wakati. Ulikauka mpaka ukawa unavunjika kwa kutazamwa. Posta: gramu hamsini na tano zaidi. Yule mzee wa sweta alianza kunionea huruma, na huruma yake iliniudhi kuliko foleni. "Labda, dada," akasema, "mnunue mizani ya kisasa."

Niliuza mizani mbili zilizobaki, nikauza na redio. Nataka ieleweke kwamba redio ile ndiyo iliyokuwa ikituimbia chumba kizima, na Selestina aliipenda kuliko mimi, na hakusema neno nilipoibeba. Nikanunua mizani ya umeme iliyoletwa kutoka Dar, namba nyekundu, gramu moja moja, ukipulizia inahesabu pumzi zako. Nilipima saa saba mchana, mia tisa themanini na mbili, nikaandika. Lakini mwaka ule umeme ulikuwa wa mgao, na kwetu ulikatika kila siku saa nane kamili, kwa hiyo vifurushi viliposhonwa mizani yangu ya kisasa ilikuwa kipande cha bati. Kila asubuhi nilikwenda posta sijui nakwenda na nini. Faida yote ilikuwa inaishia kwenye dirisha lile. Barua ya kaka ikaja: miezi mitatu imebaki, ameshapaka rangi chumba changu cha uani.

Kisha nikaumwa malaria. Ilikuwa alasiri, nimelala nyuma ya pazia, nimefunikwa khanga mbili, natetemeka, na mbele Selestina alikuwa akifunga vifurushi vya wiki. Nilikuwa nimeshampimia kabla homa haijanilaza, kila kifungu kwenye mfuko wake. Alidhani nimesinzia. Kwanza nilisikia kitambaa kikitandazwa. Halafu nikamsikia akiongea, taratibu, kwa sauti ya mtu anayemsindikiza mgeni hadi barabarani.

"Haya, muuguzi wetu. Hiki chako. Na hii kidogo ya chai ya zamu."

Nikasikia gunia la mdalasini likikwaruza. Nikasikia mkono ukiingia na kutoka.

"Na wewe mwalimu, nawe una watoto. Shika. Ongeza na hii. Mungu akubariki."

Nilivuta pazia. Alikuwa ameshika mdalasini juu ya mfuko wa mwalimu wa Dodoma, kiganja kimejaa, na uso wake haukuonyesha hata chembe ya hatia. Alitabasamu. "Umeamka? Nikuletee uji?"

"Dada Sele. Unafanya nini?"

"Nafunga."

"Hicho mkononi ni nini?"

Akatazama mkono wake kama ndiyo kwanza anauona. "Hii? Nyongeza."

Sijui niseme nini kuhusu dakika ile isipokuwa kwamba homa ilinitoka. Nyongeza! Sokoni kwao, mtu akikupimia kopo analijaza mpaka kilele, kisha ukiwa umeshafungua mfuko anadondosha kiganja kimoja juu yake, na kiganja hicho hakihesabiwi, si sehemu ya kipimo, hata yeye mwenyewe ukimuuliza amekupa kiasi gani atakwambia kopo moja. Nilimuuliza ni tangu lini. Akashangaa swali. Tangu mwanzo, akasema, tangu kifurushi cha kwanza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, wakati nimeuza mizani, nimeuza redio, nimekimbizana na mbuzi kwenye mabati!

"Uliniuliza kama mizani ni mbovu," akasema. "Nikakwambia ni nzima."

"Huu ni wizi!" Ndivyo nilivyosema. Nililisema neno hilo kwa mwanamke aliyekuwa akinipikia uji.

Aliweka mdalasini chini. "Wizi? Nimempa mtu, nimeiba nini? Wizi ni hiyo kilo yako kavu. Mtu wa Songea hanioni, hasikii sauti yangu, hajui kama nimempa kwa moyo au kwa kinyongo. Atajuaje? Mimi siwezi kufunga kitu kikavu namna hiyo nikaandikwa jina langu."

"Basi usifunge."

Alimaliza kushona kile cha mwalimu, bila nyongeza, maana nilikuwa nimesimama juu yake. Asubuhi nilipoamka upande wake wa kitanda ulikuwa umetandikwa, na kikapu chake hakipo. Uji alikuwa ameuacha kwenye chupa ya chai.

Kwa mwezi mmoja nilikuwa na furaha chafu. Nilipima, nilifunga, nilishona mishono yangu mirefu ya ovyo, na posta kila kifurushi kilipita. Mzee wa sweta alinipongeza. Nilihesabu siku za kaka yangu nikaona nitamshinda. Nilikula ugali wangu peke yangu bila redio, nikijiambia kwamba hivi ndivyo biashara inavyokuwa, na kila nilipojiambia hivyo nilihisi vibaya zaidi. Niliamini ninamkosa kwa sababu ya mishono. Mwezi wa pili barua zilipungua. Mwalimu wa Dodoma hakuagiza. Makarani wawili hawakuagiza. Hakuna aliyelalamika, wangelalamikia nini, kilo ilikuwa kilo. Kisha ikaja bahasha ya Songea, nayo haikuwa na hundi ndani.

Nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba naweza kuiandika hapa bila kuitafuta. "Mpendwa Dada Zaina, salamu nyingi. Vifurushi viwili vya mwisho nimevipokea, kilo imefika kamili, asante. Nimeona kwenye karatasi, amepima Zaina, amefunga Zaina. Nami nilipofungua nikatafuta ule mkono mmoja wa ziada wa juu, haukuwepo. Sikutaka kuuliza kwa barua, lakini nimeelewa. Poleni sana kwa msiba. Mwenzako sikuwahi kumwona, lakini katika zamu zangu za usiku nilikuwa nakunywa chai yake. Nimemwombea. Sitaagiza mwezi huu, nakuacha upumzike kwanza na majonzi."

Nilichukua karatasi nimjibu. Nilianza: mwenzangu yu mzima, amekwenda kusalimia kwao. Nikachana. Nilianza: ni mabadiliko ya utaratibu wa ufungaji. Hiyo niliichana vipande vidogo sana. Mwishowe niliandika mistari miwili, Hakufa, nilimfukuza, na baada ya kuisoma sikuweza kuitia gundi bahasha. Niliona aibu kwa mtu nisiyemjua. Nilikaa na barua ile siku mbili mezani karibu na mizani ya umeme, na siku ya tatu nikapanda lori la ndizi kwenda Matombo.

Nilimkuta barazani kwa kaka yake, amekaa kwenye kigoda, anakwangua magome ya mdalasini kwa kisu kidogo.

"Shikamoo dada Sele."

"Marahaba." Hakusimama. "Homa ilikuisha?"

"Ilikwisha."

"Uji uliunywa?"

"Niliunywa."

Nilimpa barua ya Songea kwanza. Alisoma polepole, akifuata maneno kwa kidole chenye vumbi la mdalasini, na alipofika kwenye pole ya msiba alisimamisha kidole hapo muda mrefu. Macho yakamjaa maji, akayafuta kwa mgongo wa kiganja, akasema kwamba hata mama yake mdogo hakuombewa hivyo. Kisha nikampa jibu langu. Hilo lilikuwa fupi, lakini alilisoma kwa muda ule ule.

"Hapa umekosea," akasema.

"Wapi?"

"Hukunifukuza. Chumba si chako peke yako, utanifukuzaje? Ulinitukana, nikaondoka. Hayo ni mambo mawili."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe zamani, ningekuwa sijakusamehe ningerudi kugombana." Akakwangua gome moja mpaka mwisho. "Na kitu kingine. Hiyo kilo yako, nani alikulazimisha? Andika gazetini robo tatu, waambie bei ya robo tatu. Pima robo tatu kavu kavu unavyopenda. Juu yake mimi nibaki na nafasi yangu, na posta wasiseme kitu."

Nilimtazama. Mizani nne. Redio. Kiinua mgongo. Mbuzi. Miezi yote ile jawabu lilikuwa limekaa mbele yangu na shazia mkononi, na sikuwahi kumuuliza chochote isipokuwa kama mizani ni mbovu. Nilikasirika upya, pale pale, barazani kwa watu, nilikokuja kuomba radhi. "Kwa nini hukusema?"

"Uliniambia kama sielewi mambo ya vipimo ninyamaze."

Akaingia ndani akatoka na kalamu, akanipa pamoja na barua yangu. Nikaiweka juu ya goti, nikakata "nilimfukuza", nikaandika "nilimtukana, akaondoka". Akaichukua, akaisoma tena yote, kuanzia tarehe, akanirudishia.

"Sasa ongeza kwamba narudi Jumatatu," akasema, "maana wewe mpaka kitu kiandikwe ndipo unakiamini."

Nikaongeza.